Riba Imeshuka, Zamu ya Rafiki Haijabadilika

Mwishoni mwa mwaka 2024 Serikali ya Uganda iliwawekea wakopeshaji wa fedha wenye leseni ukomo wa riba: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani asilimia 33.6 kwa mwaka. Walioshangilia walisema kwamba mwalimu, askari, muuguzi na mchuuzi wa soko la Owino mjini Kampala wamepata mtetezi. Waliobeza walisema kwamba wakopeshaji watapata njia ya kuukwepa ukomo huo mapema kuliko Serikali itakavyopata njia ya kuusimamia. Pande zote mbili zinabishana juu ya watu wawili tu, mkopeshaji na mteja wake, ilhali yuko mtu wa tatu ambaye tangazo halikumgusa na ambaye huitwa pale hao wawili wanaposhindwana. Huyo ni rafiki wa mkopaji, anayepigiwa simu saa mbili za usiku na kuombwa laki tatu mpaka mwisho wa mwezi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mtu aliyelemewa na madeni huwalipa wadai wake kwa zamu, na kwamba zamu hiyo hupangwa na kile ambacho kila mdai anaweza kumtenda asipolipwa. Rafiki hana cha kumtenda, kwa hiyo husimama mwisho wa foleni. Kushuka kwa riba hakumsogezi mbele hata hatua moja, na anayetaka kumkopesha rafiki ambaye fedha hazikai mkononi mwake atafanya vyema kuuliza habari za foleni hiyo kabla ya kuuliza habari za tabia.

Kwanza biashara yenyewe ilivyo. Kabla ya ukomo huu riba ya asilimia 10 kwa mwezi ilihesabiwa kuwa ya kawaida, na asilimia 20 haikumshangaza mtu. Kwa asilimia 20, aliyekopa shilingi milioni 1 alitakiwa kutoa 200,000 kila mwezi kwa riba pekee, huku milioni yenyewe ikibaki palepale. Kwa ukomo wa sasa riba hiyo ni 28,000. Tofauti ya 172,000 kwa mwezi si ndogo katika nchi ambamo mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hulipwa karibu 500,000. Sheria ya mwaka 2016 inayohusu taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji ndiyo iliyoweka msingi wa ukomo huo, na ndiyo iliyounda mamlaka ya usimamizi ijulikanayo kama UMRA. Hata hivyo nguvu ya mkopeshaji haikutoka kwenye riba. Ilitoka kwenye kitu alichokishika: kadi ya benki ya mteja pamoja na namba yake ya siri, hati ya kiwanja, kadi ya umiliki wa pikipiki, au, mbaya kuliko vyote, mkataba wa mauzo uliotiwa saini siku ya kukopa, unaosema kwamba mkopaji ameuza ardhi yake na fedha ameshapokea. UMRA imekuwa ikionya dhidi ya kushikilia kadi za benki na vitambulisho vya taifa, lakini siku ya mshahara katika miji midogo bado utamwona mtu mmoja amesimama kwenye mashine ya benki na kadi kadhaa mkononi, akizitumia moja baada ya nyingine, na walinzi wanamjua kwa jina.

Tumchukue mwalimu wa aina hiyo na tuwatazame wadai wake mmoja mmoja. Mkopo wa benki hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia, kwa hiyo benki haimsubiri wala haimwombi. Anayefuata ni mkopeshaji aliyeshika kadi, ambaye huchukua chake asubuhi ileile fedha zinapoingia. Shule anakosoma mtoto wake humrudisha mtoto nyumbani karo isipolipwa, na hakuna mzazi anayevumilia kumwona mtoto wa kidato cha nne akikaa barazani wiki ya pili ya muhula. Mwenye nyumba hutia kufuli mlangoni, ingawa sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inataka amri ya mahakama kabla ya mpangaji kuondolewa. Kampuni ya simu hukata deni la muda wa maongezi mara tu mtu anapoweka salio. Kikundi cha akiba hukutana kila wiki, na asiyeleta rejesho hulazimika kusimama mbele ya majirani zake na kueleza kwa nini. Baada ya hao wote ndipo anafika rafiki, ambaye silaha yake pekee ni aibu, nayo ni silaha ambayo mdaiwa anaweza kuikwepa kwa kupita njia nyingine ya kwenda sokoni. Mtu huyu anapomlipa rafiki wa mwisho, au asipomlipa kabisa, watu husema hajui kutunza fedha au hana shukrani. Kwa kweli amefanya hesabu sahihi. Amewalipa kwanza wale wanaoweza kumdhuru leo.

Hapo ndipo ninapoona kosa katika mazungumzo yetu juu ya marafiki wanaoitwa wabaya wa fedha. Tunadhani tunamweleza mtu, kumbe mara nyingi tunaeleza foleni iliyomzidi urefu. Mwaka 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali wenzao wa historia, dini na lugha walibaki na milioni 1 na zaidi kidogo. Migomo iliyofuata inajulikana. Kisichozungumzwa sana ni namna uamuzi ule ulivyoibadilisha hali ndani ya chumba cha walimu, ambako watu wenye umri mmoja, elimu inayolingana na watoto katika shule zilezile waligawanyika ghafla kuwa wakopeshaji na wakopaji. Mwalimu wa fizikia akamtazama jirani yake wa historia na kuanza kuamini kwamba huyu bwana hana mpango, kwa sababu kila tarehe 20 anaomba. Hakumwona hana mpango mwaka 2021, walipokuwa wakiomba pamoja. Ninakubali kwamba wapo wanaofuja fedha kwa tabia, na nitarudi kwao, lakini ni busara kushuku maelezo yoyote ya tabia yanayojitokeza baada ya mishahara ya marafiki wawili kuachana.

Wanaoamini kwamba tatizo ni ujinga wa fedha hupendekeza elimu. Benki Kuu ya Uganda ilizindua mkakati wa elimu ya fedha mwaka 2013, na tangu hapo semina za bajeti na akiba zimefanyika katika taasisi nyingi. Sina ugomvi na semina. Mtu anayejua kwamba riba ya asilimia 9 kwa siku 30, kiwango ambacho mikopo ya simu ya MoKash ilianza nacho ilipoingia sokoni mwaka 2016, inazidi asilimia 100 kwa mwaka atakopa kwa tahadhari zaidi kuliko asiyejua. (Na hapa inafaa kusemwa kwamba mikopo ya simu inayotolewa na benki iko chini ya Benki Kuu, kwa hiyo ukomo wa asilimia 2.8, uliowekwa kwa wakopeshaji binafsi, hauigusi. Wengi walioshangilia tangazo hawakuligundua hilo.) Lakini elimu haiongezi mshahara, wala haimtoi mkopeshaji pale mbele aliposimama na kadi mkononi. Mwalimu wa hisabati anajua riba mkusanyiko kuliko mkopeshaji wake, naye bado anakopa, kwa sababu muhula umefunguliwa Februari na mshahara wa Januari uliliwa na sikukuu na mazishi. Hoja ya elimu ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Inapendwa kwa kuwa haimgharimu chochote yule anayeitoa.

Tuirudie hoja ya wanaoushangilia ukomo, kwa maana ina uzito zaidi. Wanasema kwamba mkopaji akibakiwa na 172,000 nilizozitaja, atapata nafasi ya kuwalipa wengine, rafiki akiwemo. Hilo lingekuwa kweli kama fedha zilizookolewa zingegawanywa kwa haki. Hazigawanywi hivyo. Zinamwendea anayefuata katika foleni, naye ni shule, au mwenye nyumba, au kikundi. Zipo foleni fupi ambazo nafuu hiyo itafika hadi mwisho, na kwa watu hao ukomo ni neema ya kweli, lakini anayempigia simu rafiki usiku kwa kawaida hana foleni fupi.

Upo pia upande wa mkopeshaji. Akizuiwa kupandisha bei, atapandisha masharti: atataka dhamana kubwa zaidi, atawakataa wasio nayo, au ataandika kwenye karatasi kwamba ametoa milioni 1 na nusu ilhali ametoa milioni 1. Kenya ilijaribu jambo linalofanana na hili kwa benki zake mwaka 2016, ilipozifunga riba zisizidi pointi nne juu ya kiwango cha benki kuu. Benki ziliona heri kuikopesha serikali kuliko mwenye duka dogo, wakopaji wadogo wakaelekea kwenye mikopo ya simu yenye bei ghali zaidi, na Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Simaanishi kwamba wakopeshaji wa Uganda ni sawa na benki za Kenya, wala kwamba asilimia 20 kwa mwezi ilistahili kuachwa iendelee. Ukomo ulihitajika. Ninachosema ni kwamba atakayekataliwa na mkopeshaji kwa kukosa dhamana hataacha kuwa na shida. Atafungua simu yake na kutafuta majina, na majina yaliyomo humo ni ya marafiki. Kwa hiyo tutarajie kwamba miaka michache ijayo marafiki wataombwa zaidi, tena na watu ambao hata mkopeshaji wa mtaani amewaogopa.

Mbele ya maombi hayo, jamii yetu ina mashauri mawili yaliyozoeleka. La kwanza linasema usimkopeshe rafiki kamwe. Ni shauri linalomfaa vizuri mtu asiye na haja ya jirani, lakini Uganda si nchi ya watu wa namna hiyo. Hapa mtu huzikwa kwa michango, huoa kwa michango, na akilazwa hospitali kitanda chake huzungukwa na wanaochangia dawa. Anayekataa kukopesha kwa kanuni atajikuta siku moja yeye ndiye mwenye mgonjwa, na watu nao watakuwa na kanuni.

Shauri la pili linapendeza zaidi, na ndilo linalonipa taabu. Linasema: mpe kiasi ambacho hata kisiporudi hutaumia, ukichukulie moyoni kuwa ni zawadi, kikirudi ni bahati. Nimelisikia misikitini, makanisani na kwenye vikao vya harusi, na kila mara watu hutikisa vichwa kwa kukubali. Kasoro yake ya kwanza ni ya hesabu, kwani karo ya muhula mmoja katika shule ya bweni au gharama ya upasuaji si fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzihesabu kuwa zawadi. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Aliyesamehe moyoni hakumwambia aliyesamehewa. Mdaiwa bado anajua kwamba anadaiwa. Anaona haya kukutana nawe, anaacha kupokea simu yako, anakaa upande wa pili wa hema msibani. Wewe unamwona amebadilika na unaumia kwa kuwa hata fedha ulishazisahau, au ulidhani umezisahau. Urafiki unakufa kwa sababu ya deni ambalo upande mmoja lilishafutwa. Kama ni zawadi, iitwe zawadi siku hiyohiyo, mbele yake, kwa sauti. Kama ni mkopo, uwe mkopo. Kinachoua ni ile hali ya katikati ambayo shauri hili linaisifu kana kwamba ni ukarimu.

Hali ya katikati hiyo tumeiona pia katika mambo ya nchi. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali ilianzisha mpango wa mikopo ulioitwa Entandikwa, na sehemu kubwa ya fedha zake haikurudi, kwa kuwa wengi waliopokea waliamini ni shukrani ya kisiasa. Leo Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, unatoa shilingi milioni 1 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, fedha zinazotakiwa kuzunguka na kuwafikia wengine. Masharti yake ni mepesi kuliko mkopo wowote mwingine vijijini, na kwa sababu hiyohiyo, nafasi yake kwenye foleni ni ya mwisho. Serikali na rafiki wamekaa benchi moja: wote wawili hutoa kwa upole, hawashiki kitu, na hawasemi waziwazi kama walichotoa ni deni. Mkulima mwenye deni la parokia, deni la mkopeshaji na deni la kikundi atawalipa kwa zamu ambayo sihitaji kuieleza.

Basi rafiki afanye nini? Jibu langu ni kwamba aombe kuonyeshwa foleni. Aulize, kabla ya kiasi na kabla ya tarehe: unadaiwa na nani wengine, wameshika nini, na fedha hizi ninazokupa zitakwenda kwa nani kati yao? Najua pingamizi linalofuata, na ndilo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu. Litasema kwamba maswali hayo yanamdhalilisha mtu, kwamba rafiki si karani wa mikopo, na kwamba mtu mzima mwenye watoto hawezi kuketi mbele ya mwenzake na kutaja madeni yake kama mtoto anayekiri makosa. Ninakubali kwamba kuna fedheha ndani yake, na yapo mazingira, kwa mfano mtu anapoomba nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Mulago, ambapo kuuliza ni ukatili. Lakini mtu huyohuyo alijaza fomu ya benki yenye maswali mengi kuliko hayo, na alimpa mgeni namba yake ya siri. Alivumilia fedheha mbele ya watu wasiomtakia mema. Tukisema kwamba rafiki peke yake ndiye asiyestahili kuambiwa ukweli, tunaupa urafiki heshima ya ajabu inayouweka chini ya biashara.

Kwa Waislamu wanaosoma makala hii nakumbusha jambo moja. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280 inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na aya ya 282, iliyo karibu nayo kabisa, inaagiza deni lenye muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe. Huruma na maandishi vimewekwa pamoja. Sisi tumezitenganisha, tukafanya kuandika kuwa dalili ya kutoaminiana na kutoandika kuwa dalili ya mapenzi. Sheria ya nchi nayo ina msimamo wake: chini ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, mkataba ambao thamani yake inazidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, unatakiwa uwe wa maandishi. Marafiki wengi waliokopeshana milioni mbili kwa mdomo kwenye meza ya chai hawajui kwamba wamejiweka pabaya, wote wawili.

Foleni ikishaonekana, mambo kadhaa hujipanga yenyewe. Ikiwa fedha zinaombwa kwa ajili ya karo, zipelekwe shuleni na risiti irudi. Hili halihitaji maelezo marefu, na asiyetaka karo ya mwanawe ipelekwe shuleni amekwisha jibu swali ambalo hukuliuliza. Ikiwa zinaombwa ili kumlipa mkopeshaji, rafiki ajue kwamba hamkopeshi mwenzake; anamlipa mkopeshaji, na mwezi ujao mkopeshaji atakuwa palepale. Ikiwa mwenzake ni mcheza kamari ya michezo, hali ni tofauti na zote nilizozieleza, kwa kuwa mbele ya foleni yake amesimama mdai asiyeshiba, na hakuna kiasi cha fedha taslimu kitakachompita. Huyo anunuliwe unga, alipiwe kodi ya nyumba moja kwa moja, lakini asipewe fedha mkononi. Hao ndio wafujaji niliosema nitawarudia, na sina la ziada juu yao.

Tarehe ya kulipa ndipo rafiki anapoweza kujipatia nafasi bora bila kumshikia mtu kadi. Kosa la kawaida ni kusema mwisho wa mwezi, siku ambayo wadai wote wenye nguvu wameketi wakisubiri. Vikundi vya akiba, vile vyenye kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hugawana akiba mwishoni mwa mzunguko, mara nyingi baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na kwa kawaida kila mwanachama hutakiwa kumaliza mkopo wake wa kikundi kabla ya mgawo. Siku ya mgawo ndiyo siku adimu ambayo mtu wa kipato kidogo ana fedha nyingi kwa pamoja na mdai mkuu amekwisha lipwa. Mkulima wa kahawa wa Masaka au wa miteremko ya mlima Elgon ana msimu wake, na mwendesha bodaboda anayelipia pikipiki kwa wiki ana siku ambayo rejesho la mwisho linakwisha. Rafiki anayekubali kusubiri miezi minne mpaka siku ya namna hiyo, na mweka hazina wa kikundi akajua, ana matumaini makubwa zaidi kuliko anayedai baada ya siku thelathini. Atakuwa amemkopesha mwenzake muda, kitu ambacho wadai wote wengine wamemnyima, na muda huo ndio utakaomlipa.

Kuna aina moja ya kukopesha ambayo watu hawaihesabu kuwa kukopesha, nayo ni udhamini. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutaka wadhamini kabla ya kutoa mkopo, na rafiki hutia saini akiona kwamba hakutoa hata shilingi. Tukitazama kwa macho ya foleni, udhamini ni hatari kuliko mkopo wa fedha taslimu. Anayekopesha laki tano anajua atapoteza laki tano tu. Anayedhamini ameziweka akiba zake mikononi mwa mdai mwenye nguvu, na mkopaji akikwama, chama hakitaenda kupiga hodi mlangoni kwa mkopaji kikiwa na akiba za mdhamini ndani ya daftari lake. Nimewaona watu waliokataa kumkopesha mwenzao laki moja, wakaona haya kukataa mara ya pili, wakamdhamini kwa milioni tatu. Vyama vingefanya haki kama vingemwonyesha mdhamini madeni mengine ya mkopaji kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa ridhaa ya mkopaji mwenyewe.

Mahakama zipo, ingawa mimi naziona kuwa za watu ambao urafiki wao umekwisha. Mahakama za baraza la mtaa, chini ya sheria ya mwaka 2006, zina uwezo wa kusikiliza mashauri ya deni, na utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011 hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10 bila mawakili. Kwa deni la laki chache mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC1) anatosha, hasa kwa kuwa maneno yaliyosemwa barazani kwake husikika mtaa mzima na kwa hivyo humsogeza rafiki mbele kidogo kwenye foleni. Kumfunga mtu katika gereza la madai kule Luzira kunawezekana kisheria kwa muda usiozidi miezi sita, na mdai ndiye hugharamia chakula cha mfungwa. Sijaona deni lililozaa fedha kwa njia hiyo.

Linabaki swali la rafiki ambaye foleni yake imejaa kiasi kwamba hakuna tarehe wala msimu utakaomfikia wa mwisho. Kwake mkopo wowote mpya ni madhara, na anayemnyima hamtendei ubaya, mradi asiishie kwenye kunyima. Kitu chenye thamani kuliko laki tatu ni saa mbili za kukaa naye na karatasi, kuzihesabu upya riba za mkopeshaji kwa asilimia 2.8 tangu ukomo ulipoanza kufanya kazi, kisha kuandamana naye mpaka ofisini kwa mkopeshaji huyo. Mdaiwa akienda peke yake hutishwa. Akienda na mtu asiyedaiwa chochote pale, mazungumzo hubadilika, na mkopeshaji mwenye leseni anajua kwamba leseni yake inatolewa upya na UMRA. Asipokubali, malalamiko yapelekwe huko kwa maandishi. Na kama kadi ya benki bado iko kwenye droo ya mkopeshaji, rafiki anaweza kumsindikiza mwenzake benki wakaifuta na kutoa nyingine yenye namba mpya ya siri. Deni halitafutika kwa hilo na halipaswi kufutika. Litadaiwa kwa hesabu inayoruhusiwa na sheria, mwezi kwa mwezi, na mwenye mshahara ndiye atakayesimama kwenye mashine siku ya malipo na kuamua nani wa kwanza.